Maswali ya Wasomaji: Heshima Kazini Ikivaa Sura Nyingine

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu zimetoka Dodoma na wilaya zake, wala sishangai. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia huku kwa vitendo mwaka 2016, baada ya uamuzi wa mwaka 1973 kusuasua kwa zaidi ya miaka 40, mji huu umejaa watu wanaofanya kazi na wenzao wasiofanana nao kwa malezi: makandarasi wa kigeni, mashirika ya kimataifa, watumishi kutoka kila mkoa, na vijana walioajiriwa na ofisi ambazo hawajawahi kuzitia machoni. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu ndani yake mna mambo matatu ambayo watu huyachanganya wakayaita jambo moja.

*Shikamoo Mama Mshauri. Mimi ni mkadiriaji majenzi, mwenyeji wa Dodoma, mwenye umri wa miaka 29. Kwa miaka mitatu sasa nimeajiriwa na kampuni ya ujenzi ambayo mkuu wake wa mradi ni Mjerumani. Kazi naipenda na mshahara haunisumbui. Yanayonisumbua ni haya. Katika tathmini ya nusu mwaka, mkuu wangu ameandika kwamba taarifa zangu haziaminiki, kwa sababu aliponiuliza kama nondo zingefika kabla ya Ijumaa nilimjibu kwamba tutajitahidi, na nondo zikachelewa kwa wiki nzima. Sikusema uongo. Nilijua ni vigumu, lakini ningewezaje kumwambia mkuu wangu usoni kwamba haiwezekani? Halafu, alisahihisha hesabu zangu mbele ya mafundi na vibarua, tena kwa sauti ya kawaida kabisa, nami nikatamani ardhi ipasuke. Na alipofariki baba yangu mdogo huko Mpwapwa, niliomba siku tano, akanipa mbili, akaniuliza kama huyo siye baba niliyemzika mwaka juzi. Barua ya kuacha kazi nimekwisha kuiandika. Je, niiwasilishe?*
Mkadiriaji, Nkuhungu, Dodoma

Marahaba, binti yangu, na pole sana kwa msiba. Barua hiyo iweke kabatini kwanza. Kisheria, anayelipwa mshahara kwa mwezi anatakiwa kutoa taarifa ya siku zisizopungua 28 kabla ya kuacha kazi, kwa hiyo hata ukiiwasilisha leo bado utakaa na mkuu huyo karibu mwezi mzima. Muda huo unatosha kujaribu kwanza mambo ninayokueleza hapa.

Tuanze na nondo. Mtu aliyelelewa hapa kwetu, akikusikia ukisema kwamba mtajitahidi, huku umeshusha sauti na kutazama pembeni, angejua papo hapo kwamba mzigo hauji. Angekuuliza swali la pili, kuna tatizo gani, nawe ungemweleza yote kwa sababu amekufungulia mlango wa kueleza. Mkuu wako hana sikio hilo, na hakufundishwa kuuliza swali la pili. Alichukua jibu lako kama lilivyo, akaliingiza kwenye ratiba, akaagiza zege kwa siku ya Jumamosi, akapanga mafundi, na Jumamosi ilipofika akawa analipa watu waliokaa kivulini. Katika ofisi nyingi za Kijerumani, heshima kwa mkuu wa kazi huonyeshwa kwa kumpa taarifa kamili na mapema, hasa ikiwa mbaya, ili abaki na muda wa kufanya jambo. Wewe ulikuwa unamheshimu kwa kumkinga na neno chungu, na yeye akalisoma hilo kama kufichwa. Hakuna kati yenu aliyemdharau mwenzake.

Sisemi kwamba Wajerumani wote wako hivyo. Nimewahi kufanya kazi na Wajerumani wanaoona haya kupinga jambo kikaoni, na ninawajua Wagogo wasiozungusha hata sentensi moja. Lakini katika suala la tarehe na vifaa, mkuu uliyenielezea anafuata desturi iliyoenea sana kwao, na ni rahisi zaidi kwako kujifunza namna ya kumjibu kuliko kusubiri abadilike.

Safari nyingine mjibu hivi: nondo hazitafika Ijumaa, muuzaji amethibitisha Jumatano ijayo, tunaweza kutanguliza kazi ya ukuta wa mashariki, au tununue kiasi kidogo kwa muuzaji wa hapa mjini kwa bei ya juu, nahitaji uamuzi wako leo kabla ya saa kumi. Ona kwamba hujamwambia kwamba haiwezekani ukaishia hapo. Umempa hali ilivyo, umempa njia mbili, na uamuzi umemwachia yeye aliye mkuu. Kwa maoni yangu jibu la namna hiyo lina adabu kuliko lile la kujitahidi, hata kwa vipimo vya nyumbani kwetu. Kisha yaandike hayo hayo kwa barua pepe fupi siku hiyo hiyo, kwa sababu tathmini ya nusu mwaka huandikwa kutokana na yaliyomo kwenye maandishi kuliko yaliyomo kwenye kumbukumbu.

Hata hivyo, mzigo wa kujirekebisha usiubebe peke yako. Yeye ndiye aliyekuja Dodoma. Siku moja mkiwa wawili, mweleze kwamba wafanyakazi wake wengi, kuanzia msimamizi wa saiti hadi mtunza stoo, watamjibu kwa maneno ya matumaini wanapokuwa na shaka, na kwamba akitaka kujua ukweli aulize kwa namna nyingine: ni kitu gani kinaweza kuchelewesha mzigo huu? Swali hilo hujibika bila mtu kuaibika. Mkuu mwenye akili atakushukuru, maana utakuwa umemwokolea fedha.

Sasa masahihisho ya hadharani. Katika mazingira aliyotoka, kosa lililo kwenye karatasi huzungumzwa kama kitu kilicho nje ya mtu aliyelifanya, na huenda mlipofika chakula cha mchana alikuwa ameshasahau. Ndiyo maana sauti yake haikubadilika. Lakini yako madhara ambayo yeye hayaoni na wewe unayaona. Fundi mwenye miaka 50, aliyekwishasita kupokea vipimo kutoka kwa binti wa miaka 29, sasa amepata sababu. Kesho atavibishia vipimo vyako, na keshokutwa atafuata vyake mwenyewe.

Hapo ndipo pa kuanzia mazungumzo. Ukimwambia mkuu wako kwamba amekudhalilisha, atatetea nia yake, nanyi mtaishia kubishana juu ya moyo wake, kitu ambacho hakuna awezaye kukithibitisha. Mwambie kwamba mafundi wakiona hesabu zako zinasahihishwa mbele yao watapuuza vipimo vyako na kazi itaharibika, kwa hiyo unaomba masahihisho ya hesabu yafanyike ofisini kabla ya kwenda saiti. Hiyo ni hoja ya kazi, na watu wa namna yake huielewa upesi. Ila angalia mpaka ulipo. Mtu anayekusahihisha kwa sauti tulivu mbele ya watu ana desturi tofauti na yako, na mtu anayekutukana, kukufokea au kukuita majina hana desturi yoyote ya kusingizia, awe ametoka Berlin au Bahi. Likitokea hilo, andika tarehe na mashahidi, peleka malalamiko kwa maandishi kwa idara ya rasilimali watu, na ujue kwamba Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo kwa ajili ya migogoro ya kazi. Anayeachishwa kazi isivyo haki anatakiwa kupeleka shauri lake huko ndani ya siku 30, na wengi huchelewa kwa sababu wanangoja hasira zipoe.

Jambo la msiba ndilo zito, na hapo nitasema jambo ambalo huenda likakuudhi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi angalau siku nne za likizo yenye malipo katika mzunguko wa likizo kwa sababu ya ugonjwa au kifo cha mtoto wake, au kifo cha mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Baba mdogo hayumo. Orodha hiyo haikuandikwa Ujerumani. Ilipitishwa na Bunge letu wenyewe. Kwa hiyo siku mbili ulizopewa hazikuwa chini ya sheria, labda kama mkataba wako wa ajira, au mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya mwajiri na chama cha wafanyakazi, kama kampuni yenu inao, unasema vinginevyo. Usome. Tena fahamu kwamba huko kwao, katika mkataba wa pamoja wa watumishi wa umma, anayefiwa na mzazi aliyemzaa, mwenza au mtoto hupewa siku mbili za kazi. Inawezekana kabisa kwamba mkuu wako alipokupa siku mbili kwa ajili ya ndugu wa baba yako aliamini kwamba amekutendea ukarimu.

Hilo halifanyi swali lake kuhusu baba wa mwaka juzi kuwa zuri, na una haki ya kumwambia kwamba liliumiza. Lakini jiulize pia alichokiona yeye. Ana karatasi mbili za likizo, zote zinasema baba. Hajui kwamba aliyefariki Mpwapwa ndiye labda aliyekulipia ada ya sekondari, wala hajui kwamba wewe, kama mtoto mkubwa wa ukoo mwenye kipato, huwezi kufika asubuhi ya maziko na kuondoka jioni bila kuonekana umewatupa watu. Ukitokea msiba mwingine wa namna hiyo, mweleze wajibu ulio nao. Andika, kwa mfano, kwamba ni mdogo wake baba, aliyekulea au kukusomesha, na kwamba mila zinakutaka uwepo mpaka matanga yaanuliwe. Akikupa siku mbili zichukue, tatu ziombe zikatwe kwenye likizo yako ya mwaka, ambayo kisheria ni siku 28 mfululizo. Mtaje mwenzako atakayeshika hesabu za wiki hiyo, na umwachie maelezo yaliyoandikwa. Taja siku ya kurudi, kisha urudi siku hiyo. Kwa mkuu wa aina hiyo, siku ya kurudi ndiyo inayoamua ombi lako lijalo litapokelewaje.

Ukiyafanya hayo kwa miezi mitatu na bado tathmini ikawa ile ile, basi tafuta kazi kwingine ukiwa bado unalipwa, na ndipo barua ile itolewe kabatini.

*Mshauri mpendwa, pokea salamu zangu. Mimi ni mhasibu kutoka Nairobi, na tangu mwanzoni mwa mwaka huu nafanya kazi katika shirika moja lisilo la kiserikali hapa Dodoma. Nilidhani kwa kuwa sote tunazungumza Kiswahili sitakuwa mgeni. Nimekosea. Wenzangu wananiita Bwana Haraka. Nikiingia ofisini kwa katibu muhtasi na kusema nipe ile faili, ananitazama kana kwamba nimemtukana. Vocha zangu za malipo zinakaa mezani kwa watu. Kule wizarani Mtumba, barua pepe ninazowaandikia maafisa hazijibiwi kabisa. Ninaheshimu kila mtu na sitaki kuigiza tabia isiyo yangu. Nirekebishe nini?*
Mhasibu, Area D, Dodoma

Karibu Dodoma, ndugu yangu. Jipe moyo kwa jambo moja: katika ofisi yenu huenda wenyeji halisi wa mji huu ni wawili au watatu tu. Waliobaki wametoka Kagera, Mbeya, Mara na Kilimanjaro, nao walipofika waliona vumbi, upepo na mlenda kama mambo ya ugenini. Tofauti ni kwamba wao waliletana kutoka nchi yenye desturi moja ya ofisi, na wewe umetoka kwenye desturi nyingine inayotumia lugha iyo hiyo. Kufanana kwa lugha ndiko kunakokuponza. Mchina akiingia bila salamu watasema hajui. Wewe watasema unajua na umekataa.

Kwa hiyo salamu ndiyo dawa ya kwanza, na nasema salamu kamili. Mtu aliyekuzidi umri shikamoo haimpiti. Mwenye rika lako muulize habari za asubuhi, za nyumbani na za kazi, usubiri jibu, nawe ujibu zako, ndipo useme kwamba unaomba faili. Hapa kumwambia mtu akupe kitu bila kuomba huchukuliwa kama amri ya mkubwa kwa mdogo, hata kama kwenu Nairobi ni usemi wa kawaida usio na ukali wowote. Utatumia dakika mbili, na vocha itatoka siku hiyo hiyo badala ya kesho. Mkurugenzi usimwite kwa jina lake tupu mpaka mwenyewe akuruhusu. Kwenye chai ya saa nne kaa na watu, hata kama kikombe chako unaweza kukinywea mezani kwako, kwa kuwa mambo mengi ya ofisi hukubaliwa hapo kabla ya kufika kikaoni. Ikizungushwa karatasi ya mchango wa harusi au msiba, andika chochote unachokimudu. Kiasi hakina uzito sana. Jina lako likikosekana mara tatu mfululizo ndipo watu huanza kuhesabu.

Utani uache kwanza. Makabila yetu yana watani wao, na utawasikia watu wakitupiana maneno makali hata msibani bila mtu kukasirika. Hizo ni haki za kurithi. Mgeni anayejiunga kabla hajakaribishwa huonekana amekosa adabu, ingawa maneno aliyoyatumia ni yale yale. Ukitaka kuwafurahisha majirani Wagogo, anza kwa kuwaamkia mbukwenyi, na utaona nyuso zinavyokunjuka.

Kuhusu wizara, hapo sidhani kama unadharauliwa. Afisa unayemwandikia barua pepe hana mamlaka ya kukujibu kwa niaba ya Serikali. Andaa barua yenye nembo ya shirika na kumbukumbu namba, iliyosainiwa na mkuu wenu, iliyoelekezwa kwa Katibu Mkuu hata kama afisa mhusika ni rafiki yako. Itapokelewa masijala, itawekwa kwenye jalada, itateremka kwa mkurugenzi pamoja na maelekezo, naye atamkabidhi afisa ambaye ataandika dokezo, na dokezo hilo litapanda tena hadi kwa mwenye kuamua. Njia hiyo ni ndefu, na wakati mwingine nami naiona ndefu kupita haja, lakini ndiyo inayomlinda kila aliyeweka saini mwaka ukiisha na wakaguzi wakaja. Wewe mhasibu unapaswa kuielewa kuliko wengine. Bakisha nakala yenye mhuri wa kupokelewa, na baada ya siku chache nenda mwenyewe Mtumba, au piga simu, uulizie barua ipo meza gani. Kufuatilia kwa upole huku kunakubalika kabisa, na mara nyingi ndiko kunakoisogeza. Iandike kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha ofisi za hapa. Mwombe mwenzako mmoja aipitie kabla haijatoka.

Na usiache haraka zako zote. Kodi ya mishahara ya mwezi uliopita inatakiwa iwe imelipwa TRA ifikapo tarehe 7, na tarehe hiyo haitoongezwa kwa sababu mtu alikuwa bado anajuliwa hali. Nina hakika shirika lilikuajiri kwa sababu wewe si mtu wa kusahau kalenda. Endelea kuwakumbusha watu, ila wakumbushe mapema, tarehe mbili badala ya tarehe sita, na ukumbusho wa mapema hausikiki kama kufokewa.

*Mama Mshauri, shikamoo. Mimi ni muuguzi mwenye stashahada na uzoefu wa miaka minne katika hospitali ya wilaya. Nimepata nafasi ya kwenda kufanya kazi Ujerumani, lakini mkataba unasema nitaanza kama msaidizi wa wauguzi. Rafiki zangu wanasema hiyo ni dharau kwa sababu sisi ni Waafrika. Pia naogopa kwamba sitaelewana na watu wa huko kazini. Nisaidie.*
Muuguzi, Kongwa

Marahaba, na hongera. Kuanza kama msaidizi ni hatua ya kisheria. Uuguzi nchini Ujerumani ni taaluma inayolindwa, na cheti cha nje ya Umoja wa Ulaya lazima kilinganishwe na mafunzo yao kabla ya mwenye nacho kuitwa muuguzi kamili. Kwa kawaida huhitaji pia Kijerumani cha kiwango cha B2, yaani cha nne kati ya sita. Mamlaka ya huko ikiona pengo, wewe mwombaji ndiye unayechagua kati ya kozi ya kujazia na mtihani, na ukimaliza unapata kibali kamili na mshahara wake. Kwa hiyo mambo ya kusimamia kwenye mkataba ni haya: mshahara kabla na baada ya kutambuliwa, nani analipia kozi ya lugha, na kama kipo kifungu kinachokudai gharama ukiondoka mapema. Kabla hujasaini, mtu aliyekuletea nafasi hiyo mthibitishe kwa TaESA, ofisi ya Serikali ya huduma za ajira. Hakuna haja ya kuona haya kumuuliza leseni yake.

Kinachowashangaza wauguzi wengi wanaotoka kwetu ni kazi yenyewe. Katika wodi za hapa, ndugu wa mgonjwa huleta chakula, humwogesha, humgeuza kitandani, na muuguzi hushughulika na dawa, sindano na vidonda. Kule Ujerumani, kuogesha, kulisha na kumsaidia mgonjwa chooni ni sehemu ya kazi ya muuguzi mwenyewe, akiwemo mwenye cheo, na ndugu huja kama wageni katika saa za kutembelea. Wapo waliofika wakadhani wamepewa kazi ya ndugu kwa sababu ya rangi yao, kumbe mwenzao Mjerumani katika chumba cha pili anafanya hiyo hiyo. Ubaguzi upo pia, sitakuficha, na ili uutambue unapokuja kweli, ni lazima kwanza ujue kilicho cha kawaida kwa kila mtu.

Mzee wa miaka 80 usimwite babu, hata kama moyo wako unakutuma hivyo kwa heshima. Mwite kwa jina la ukoo ukitanguliza Herr au Frau, na utumie kauli ya heshima ya lugha yao mpaka akuambie vinginevyo. Bisha hodi kabla ya kuingia chumbani. Ukiugua, piga simu kabla zamu yako haijaanza, na ugonjwa ukizidi siku tatu unahitaji cheti cha daktari, ingawa mwajiri anaweza kukitaka mapema zaidi. Na zaidi ya yote, usiitikie agizo ambalo hujalielewa. Katika ofisi ya ujenzi, kama ulivyosoma hapo juu, itikio la adabu limechelewesha zege. Wodini linaweza kumpa mtu dozi isiyo yake. Rudia agizo kwa maneno yako mbele ya aliyekupa, kila mara. Hawatakuona mjinga. Miezi sita ya kwanza kwa kawaida ni ya majaribio, na katika muda huo upande wowote unaweza kuvunja mkataba kwa taarifa ya wiki mbili, kwa hiyo ni bora ujulikane mapema kama muuguzi anayeuliza.

*Mama, habari za kazi. Natengeneza programu za kompyuta nikiwa nyumbani kwangu, mwajiri wangu yuko New York. Nimekwisha kukosa vikao viwili kwa kuchanganya saa, na mkuu wangu anasema sishiriki kikaoni, ilhali nakaa kimya ili wakubwa wamalize kwanza.*
Kijana wa Ng'hong'honha, Dodoma

Njema, mwanangu. Saa kwanza. Sisi hatubadilishi saa mwaka mzima. Wao hubadilisha Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kikao chao cha saa tatu asubuhi kitakukuta saa kumi alasiri katika miezi ya kati, na saa kumi na moja jioni katika miezi ya baridi yao. Kila mwaliko uandike kwa mtindo wa saa 24 na uache kalenda ya kompyuta ibadilishe yenyewe, maana saa tisa yao na saa tisa yetu ni vitu viwili.

Kuhusu ukimya, katika vikao vya Wamarekani anayenyamaza hadi mwisho hudhaniwa kwamba hana la kusema au hakujiandaa. Andaa swali moja kabla ya kikao na uliulize katika dakika za mwanzo; baada ya hapo kusikiliza kwako kutasomeka vizuri. Zingatia pia kwamba ukosoaji wao mara nyingi hufungwa ndani ya sifa, kinyume na yule Mjerumani wa barua ya kwanza. Mkuu akikusifu kwa sentensi mbili kisha akasema labda ungefikiria kubadilisha sehemu fulani, sehemu hiyo ibadilishe siku hiyo hiyo. Na kama vikao vinawekwa saa sita usiku wa Dodoma wiki baada ya wiki, omba wazi kwamba usumbufu wa saa uwe wa zamu. Wengi wao hawatakasirika, kwa kuwa huenda hakuna hata mmoja aliyewahi kuangalia huku ni saa ngapi.